Ndengu Juu, Kunde Chini

Wacha niseme mapema ili mtu asinisumbue na mashaka: nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi mwezi wa kwanza, nikawa sahihi mwezi wa pili, na hata siku ile Daktari anayenisimamia chuoni aliponiambia mbele ya wanafunzi wenzangu kwamba kompyuta yangu inaota mchana, bado nilikuwa sahihi. Shida ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Na mtu asiyejua kwamba yuko sahihi hana tofauti na mtu aliyekosea. Wote wawili hawana hamu ya chakula na wote wawili wanafokea watu wasio na hatia. Nilimfokea muuza chapati. Nilimfokea fundi wa maabara. Nilimfokea mama yangu kwenye simu, na huyo ndiye sikupaswa kumfokea hata kidogo.

Kwetu ni Mitaboni. Mama yangu ni mkulima, na siku za soko anauza nafaka kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mtu huku anaujua kuliko anavyojua nambari ya kitambulisho chake. Yeye na akina mama wenzake wa kikundi hupanda ndengu, zile choroko za kijani, na kunde shamba moja, huzivuna karibu wakati mmoja, na huzipura kwa fimbo juu ya turubai moja. Upepo unasaidia kuondoa maganda. Lakini upepo wa Mungu hautenganishi ndengu na kunde, kwa sababu zote ni nzito, na mnunuzi naye hataki mchanganyiko. Kazi hiyo inaachiwa vidole. Nimekua nikiviona vidole hivyo. Nilipohitimu uinjinia, mama hakuniuliza nitalipwa ngapi. Aliniuliza kama huko nilikosoma kuna mtu anayejua kutenganisha ndengu na kunde bila kuumia mgongo.

"Mwaitu," nikamwambia, maana hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "nitakutengenezea mashine ya upepo."

Mdomo uliponza kichwa. Miaka michache baadaye nilikuwa katika chuo kimoja mjini Machakos, nasomea shahada ya uzamili, na ahadi ile ndiyo iliyokuwa mada yangu.

Wazo lenyewe ni rahisi. Chukua sanduku la plastiki ngumu unayoweza kuona ndani yake, refu kuliko pana. Chini weka bamba la chuma lenye matundu madogo. Mimina nafaka. Kisha pitisha upepo kutoka chini. Upepo ukiwa mdogo, unapenya katikati ya punje na hakuna kinachotokea. Ukiuongeza, unafika mahali ambapo upepo unabeba uzito wa punje, na hapo, ajabu ya Mungu, nafaka inakuwa maji. Inachemka. Viputo vya hewa vinapanda kama vya uji, na ukitupia mwiko ndani unaelea. Sasa, punje ndogo huanza kuchemka mapema kuliko kubwa. Kuna upepo fulani wa katikati, si mwingi wala si kidogo, ambapo ndengu zimeshakuwa nyepesi na kunde bado hazijabebwa vizuri. Kila kiputo kikipita kinanyanyua ndengu nyuma yake, na kunde zinadondoka kwenye nafasi inayobaki. Ndengu juu, kunde chini. Ukizidisha upepo, zote zinachanganyika tena na umerudi kwenye turubai. Yaani mashine nzima ya mama yangu ilikuwa imejificha ndani ya upepo ule wa katikati, na kazi yangu ilikuwa kuutafuta.

Kuutafuta kwa kukata mabati na kuchomelea sanduku moja baada ya jingine kungenizeesha. Kwa hivyo niliutafuta ndani ya kompyuta. Nilitengeneza sanduku la hesabu, nikalijaza punje za hesabu, kila punje na mahali pake, mwendo wake na uzito wake. Ndengu ilikuwa mpira mmoja. Kunde, kwa kuwa ina umbo la figo, niliitengeneza kwa mipira mitatu midogo iliyoshikana. Kisha kompyuta ikawa inauliza kila punje, moja baada ya nyingine: nani anakugusa, upepo unakusukuma vipi, haya, sogea kidogo. Ikimaliza zote inaanza upya. Ili nipate dakika moja tu ya kuchemka, mashine ilikuwa inahesabu siku tatu mfululizo, ikatoa joto hadi fundi wa maabara akawa anaanika soksi zake nyuma yake. Fundi huyo ni mwanamume wa makamo mwenye utani usioisha, na ndiye aliyenibatiza Injinia wa Ndengu.

"Injinia wa Ndengu, zimeiva?" alikuwa ananiuliza kila asubuhi.

"Bado zinachemka," namjibu.

Zilipoiva, zilikuwa nzuri ajabu. Kwenye skrini ndengu zangu za kijani zilipanda, kunde za kahawia zikatulia chini, na katikati yake mpaka uliokatika safi. Nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani. Fundi akaja mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

Basi ikabaki kuhakikisha kwa sanduku la kweli. Mama akanitumia magunia mawili kama nilivyomwomba, moja la ndengu gorogoro tano, jingine la kunde gorogoro tano. Nami, kwa kujiona mtaalamu, nilichota gorogoro moja ya kila aina, nikaijaza hadi mdomoni, nikapangusa juu kwa rula, nikaipima kwenye mzani wetu mdogo, nikazidisha mara tano. Hesabu ya darasa la pili. Kwa uzito huo nikapata idadi ya punje, na idadi hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta. Tukamwaga magunia yote kwenye sanduku, tukachanganya, tukawasha upepo.

Zikachemka vizuri kabisa. Lakini tulipozima, mpaka haukuwa safi. Kunde zilikuwa zimetapakaa hadi karibu na juu, kama maharagwe ndani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yanayopikwa pamoja nayo. Tena nafaka yote ilisimama juu zaidi kuliko kwenye kompyuta, kwa upana wa vidole viwili hivi. Nikajiambia kwamba punje za kweli hazilaliani vizuri kama mipira, ndiyo maana zimevimba. Tukarudia. Tukarudia tena. Muthokoi, muthokoi, muthokoi.

Daktari, msimamizi wangu, ni mtu wa vyuma. Amejenga mitambo ya kukaushia nafaka tangu ujana wake, na kitu asichoweza kukipiga teke hakiamini. Si mtu mbaya. Alinipa nafasi nilipokuwa sina mtu wa kunipokea, na Mgala muue na haki yake umpe. Lakini siku ile alikuja, akalitazama sanduku, akaitazama kompyuta, akacheka kwa pua.

"Hii kompyuta yako inaota mchana," akasema, wenzangu wote wakiwa pale. "Kunde si mpira. Hata mipira mitatu si kunde. Ndengu ni kitu Mungu ametengeneza. Iko na ngozi, iko na vumbi, iko na unyevu. Wewe umeweka hesabu tu."

"Daktari, nipe muda nitafute tofauti iko wapi."

"Nakupa wiki nne. Baada ya hapo, kama sanduku na kompyuta haziongei lugha moja, tunabadilisha mada. Nitakutafutia kitu cha majaribio peke yake, uanze upya."

Kuanza upya! Nilikuwa nimeacha kazi nzuri ya kiwanda kule Athi River kwa ajili ya punje hizo. Miaka miwili nimekaa nikiifundisha kompyuta adabu ya ndengu, na sasa yote ikatupwe kama maganda. Na mashine ya mama nayo ingekufa hapo hapo, kwa maana hakuna fundi atakayekata bati kwa kufuata hesabu ambayo chuo kimeitupa. Nikasema, "Sawa, Daktari," kwa sauti ya mtoto wa shule ya Jumapili, nikatoka nje. Hapo ndipo muuza chapati wa langoni alipopata maneno yasiyokuwa yake.

Wiki mbili nzima nilifanya jambo la aibu. Ndani ya hesabu kuna nambari ya msuguano, yaani punje zikigusana zinashikana au zinateleza kiasi gani. Nikawa naichezea. Naipandisha kidogo, naishusha kidogo, hadi nafaka ya kompyuta ikavimba vile vidole viwili. Nikafurahi. Kisha nikabadilisha upepo, na yote ikaharibika. Nikirekebisha huku, inavimba kule. Nilikuwa nadanganya, na njia ya mwongo ni fupi. Fundi alinitazama siku moja nikibonyeza nambari, akasema bila utani, "Injinia, hiyo sasa si hesabu. Hiyo ni kubembeleza."

Nikamfokea. Lakini neno lilikuwa limeingia.

Wiki ya tatu nilichoka, na mimi nikichoka huwa nakuwa mbishi. Nikarudisha msuguano ulivyokuwa mwanzoni, ule nilioupima kwa punje za kweli. Nikajiuliza swali la kijinga: tuseme kompyuta haidanganyi. Tuseme mwongo ni sanduku. Nikaigeuza kazi. Badala ya kuiambia kompyuta ina punje ngapi, nikaiuliza ni punje ngapi zingeleta ule muthokoi. Ili nisingoje siku tatu kila mara, nikatumia sanduku jembamba zaidi, la punje chache. Nikaongeza kunde, kuchemka kukafifia, nikazitoa. Nikaongeza ndengu kidogo, na mpaka safi ukaanza kumeguka, maana ndengu zikizidi upepo ule ule unakuwa mwingi mno. Nikaongeza tena. Nilipofika kiasi cha gorogoro moja zaidi, kunde zikatapakaa hadi juu na nafaka ikapanda vidole viwili. Skrini na sanduku vikawa mapacha. Ndengu gorogoro sita, kunde gorogoro tano.

Unadhani nilifurahi? Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. "Ni tano!" nikaiambia kompyuta. "Tano! Mimi mwenyewe niliagiza tano!" Nikampigia mama simu pale pale.

"Mwaitu, ulinitumia gorogoro ngapi za ndengu?"

"Tano."

"Una hakika si sita?"

"Kwani mimi sijui kuhesabu hadi tano? Nimepima sokoni kabla wewe hujazaliwa."

Nikamwambia labda alichanganyikiwa. Naam, nilimwambia hivyo mama yangu mzazi. Akakata simu, na alikuwa na haki ya kuikata. Ningeweza kuzipima ndengu zenyewe upya nimalize ubishi, lakini kwa kuchemshwa kila siku zilikuwa zimepasukapasuka, na fundi alikuwa ameshawapelekea kuku wake. Hakukuwa na ushahidi wowote isipokuwa neno la mama na neno la kompyuta.

Jumamosi nikaenda nyumbani kuchukua nafaka nyingine. Mama alikuwa amenuna. Alinipa chai, lakini aliiweka mezani badala ya kunipa mkononi, na kwetu hiyo ni barua nzima.

"Umekuja kunihesabia?" akauliza.

"Nimekuja kuomba msamaha, mwaitu. Na kuchukua ndengu. Tano, na kunde tano, kama za kwanza."

Akalainika kidogo, akachukua gorogoro, akaanza na ndengu. Nikakaa juu ya gunia nikimtazama, nikinywa chai yangu ya adhabu. Akachota. Akaupiga mkebe kwa kiganja chini ili punje zikae. Akaongeza. Akaongeza tena hadi juu ya mdomo wa mkebe kukawa na kilima, na punje za pembeni zikawa zinateleza kuanguka. Akamimina kwenye gunia. Kisha, bila hata kutazama, mkono wake ukarudi kwenye ndengu, ukachota konzi nzima, ukaitupia ndani juu yake.

"Moja," akasema.

Kikombe kilinikaa mdomoni.

"Mwaitu, simama hapo hapo. Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya juu. Na hiyo ya mkono."

"Si ni nyongeza?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni kitu gani. "Ulitaka nikupimie kama mgeni?"

"Na zile za kwanza, ulizitia nyongeza?"

"Ndengu nilitia. Si ni za shamba langu? Mtoto wangu ndiye anatumiwa, nimpangusie na mkono?"

"Na kunde?" nikauliza. "Kunde ulitia?"

"Kunde hapana. Hizo zilikuwa za jirani, alikuwa ameniachia nimuuzie. Siwezi kutoa nyongeza na mali ya mwenzangu. Zake nilipangusa sawasawa, hadi mdomoni."

Aiya! Niliruka kutoka kwenye gunia, chai ikamwagika juu ya leso yangu na sikujali. Kila mtu aliyezaliwa huku anajua kwamba nyongeza haihesabiwi. Gorogoro tano zenye nyongeza ni tano. Ukizihesabu sita umemtukana aliyekupa, kama vile alikuuzia urafiki. Kwa hivyo mama hakudanganya hata kidogo, na kompyuta haikudanganya hata kidogo. Aliyekuwa mjinga katika hadithi hii ni mtoto wa soko la Mitaboni, aliyekula nyongeza hizo tangu akiwa na meno mawili, kisha akafika kwenye lango la chuo na rula mkononi akasahau nafaka hupimwa vipi kwao.

Nikamwomba amalize zote tano kwa mkono wake wa kawaida. Kisha nikazipima upya mbele yake, nikipangusa kila mkebe kwa kijiti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Gunia likabaki na ndengu. Nikajaza tena. Sita, kasoro konzi.

Nikamweleza kila kitu. Nikamweleza jinsi kompyuta ilivyokataa tano, na jinsi nilivyogombana nayo. Mama alisikiliza huku akifunga gunia.

"Kwa hivyo hiyo kompyuta yako iliniona nikiongeza?"

"Ilikuona, mwaitu. Kutoka Machakos."

Akafikiri. "Basi iko na macho mazuri kuliko wateja wangu. Kuna mmoja kila soko anasema siongezi."

Tulicheka hadi jirani, yule yule mwenye kunde, akaja kuuliza kumetokea nini. Nilimkumbatia mama, nikamkumbatia na jirani, maana uaminifu wa mama juu ya kunde zake ndio uliofichua mambo. Angetia nyongeza kwenye zote mbili sawasawa, nafaka ingezidi tu kimo na pengine nisingejua hadi leo.

Jumatatu nilimfuata Daktari nikiwa na kifua mbele. Nilimwonyesha skrini, nikampa hadithi yote. Alicheka kicheko cha kweli, kwa sababu yeye naye mama yake alikuwa akiuza mahindi kwa mkebe. Nikadhani yamekwisha. Kumbe wapi.

"Hadithi ni tamu," akasema akipangusa macho. "Lakini jibu ulikuwa umeliona kabla ya kuhesabu. Baada ya mechi kila mtu ni kocha. Mimi mwenyewe nitachanganya, kwa mzani, si kwa gorogoro. Robo ndengu, robo tatu kunde. Upepo ule ule. Wewe andika kitakachotokea, utie kwenye bahasha kabla sijawasha. Ijumaa, hiyo ndiyo siku ya mwisho niliyokupa."

Pale maabara wote walisema nimebahatika. Upepo ule tulikuwa tukiujua kama njia ya nyumbani. Kunde zikiwa nyingi zitazama haraka zaidi, ndengu chache zitapanda juu, kazi imekwisha. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nikaweka uzito wake ndani ya kompyuta, sanduku zima, siku tatu za kuhesabu, nikasubiri.

Alhamisi mchana nikafungua picha. Hakuna kitu. Punje zilikuwa pale pale nilipozimwaga, ndengu na kunde zimechanganyika, hazijasogea. Nilidhani kompyuta imeganda. Nikatazama saa ya hesabu pembeni. Ilikuwa imetembea hadi mwisho. Nikakagua nambari zote kwa karatasi na kalamu, moja moja. Zote sawa. Juu kabisa kulikuwa na ndengu kadhaa zinazotetemeka, basi.

Fundi akaja akatazama begani kwangu. "Hiyo imekufa," akasema. "Injinia, nisikilize mimi. Andika ndengu juu, kunde chini. Hiyo na upepo huu hata mtoto anajua."

Na mimi niliitamani hiyo sentensi, sitasema uongo. Nilikuwa nimeona zikichemka kwa upepo huo mara ngapi kwa macho yangu. Nikiandika kwamba hakuna kitakachotokea, na sanduku lichemke mbele ya kila mtu, sitakuwa nimekosea tu. Nitakuwa kichekesho cha chuo kizima, na miaka yangu miwili itazikwa hapo na kicheko juu yake.  Nafasi ya kurudia siku tatu nyingine haikuwapo. Nikakaa nikajaribu kufikiri kama punje. Kunde moja inataka upepo mwingi ili ibebwe. Zikiwa nusu, ndengu zinachemka kwanza na kuzisukasuka, kunde zinapata nafasi. Zikiwa robo tatu, ndengu zimebanwa katikati yao kama watoto kwenye umati wa watu wazima. Hazina mahali pa kuanzia. Upepo unapita tu, unaenda zake. Na nilikumbuka kwamba mara ya mwisho nilipobishana na kompyuta hiyo, ilinishinda.

Nikaandika maneno mawili, "Hakuna kitakachosogea," nikalamba bahasha, nikampa fundi aiweke mfukoni. 

Ijumaa Daktari alikuja na koti lake jeupe ambalo huwa halivai. Akapima mwenyewe, akachanganya mwenyewe ndani ya ndoo, akamimina. Wanafunzi wote walikuwepo. Akabonyeza swichi, mota ikanguruma, upepo ukapanda hadi alama yetu.

Sanduku likakaa kimya.

Daktari akasubiri. Akainama akatazama kipimo cha upepo. Kilikuwa mahali pake. Akashika bomba kuona kama linavuja. Akagonga plastiki kwa vifundo vya vidole, ngo ngo ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa wenyeji wasiotaka wageni. Juu kabisa ndengu chache zikatetemeka, zikatulia. Dakika tano. Dakika kumi kwa saa yake mwenyewe. Sijawahi kutazama kitu kisichofanya chochote kwa furaha kubwa namna ile.

"Lete bahasha," akasema.

Akaisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti, "Hakuna kitakachosogea." Nilikuwa nimejiandaa kuwa mnyenyekevu, kusema asante Daktari, ni kwa neema ya Mungu, na kadhalika. Badala yake kigelegele kilinitoka chenyewe, kirefu, cha arusi, na wasichana wote wa maabara wakakipokea. Fundi alikuwa anacheza na mopu. Nilishinda! Nilishinda kwa mbele, mchana kweupe, kabla ya swichi kubonyezwa, na hakuna mtu yeyote wa kusema nilichungulia.

Daktari hakucheza. Aliigeuza ndoo akakaa juu yake, mikono magotini, akilitazama sanduku.

"Unajua nimechoma mota ngapi maishani mwangu," akasema polepole, "nikidhani nafaka inakataa kuchemka kwa sababu mota ni dhaifu? Nabadilisha mota. Nabadilisha tena. Kumbe ni mchanganyiko."

 Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema alikosea, na furaha yangu ikapata uzito ambao haikuwa nao.

Akafungua faili lake akatoa karatasi, akanipa. Ilikuwa fomu ya kubadilisha mada. Jina langu limechapwa juu, mada mpya imechapwa chini yake, kitu fulani juu ya vikaushio vya jua. Sahihi yake ilikuwapo. Sahihi ya mkuu wa idara ilikuwapo. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu, siku ile ile aliyocheka na mimi juu ya nyongeza. Palikuwa pamebaki nafasi moja tu, ya sahihi yangu. 

"Daktari! Ulikuwa umeshanizika?"

"Nilikuwa nimekuchimbia," akasema. "Kuzika ilikuwa leo."

Nikamrudishia karatasi yake bila hata nukta.  Akaichukua, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mtupu, akailaza juu ya goti lake. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti jeupe, akavaa miwani, akanitazama.

"Haya, mwalimu," akasema. "Kunde zikizidi, tuongeze upepo kiasi gani? Sema polepole, naandika."